Tangazo Lisilo na Risiti

Miaka ile ya tisini, biashara ilipokwisha kuachiwa kila mwenye mtaji, dawa ya kahawa ilianza kuuzwa kwa chupa ya soda. Naanza na chupa hiyo kwa sababu bila kuijua hutaelewa kwa nini hasira yangu haijaisha mpaka leo. Zamani dawa ililetwa na ushirika, ndani ya kopo lake lenye picha ya fuvu na mifupa, na bwana shamba alikuja kueleza. Ushirika ulipolegea wakaingia wenye maduka. Mtu alinunua dumu moja mjini, akalipandisha kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, akamimina kwenye chupa za soda na kuziba kwa gunzi la hindi. Hapakuwa na fuvu wala jina. Dawa uliitambua kwa harufu tu.

Ubaya wenyewe uko hapa. Dawa ile ukiichanganya na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Na kwa kuwa ilikuwa imepanda bei, hakuna mkulima aliyekubali kumwaga iliyobaki kwenye bomba baada ya kupulizia. Aliirudisha kwenye chupa, ikasubiri wiki nyingine. Sasa kwetu mlimani maziwa nayo hukaa kwenye chupa ya soda. Ukimtuma mtoto kwa jirani mwenye ng'ombe, chupa ya soda ndiyo unayompa.

Mama yangu alikuwa na chupa zote mbili jikoni. Aliishi kwenye kihamba chetu, migomba juu na kahawa chini yake, pamoja na binti wa mdogo wangu, mtoto wa darasa la tatu. Mdogo wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, nyumbani alionekana sikukuu kwa sikukuu. Mtoto huyo ndiye aliyemchemshia bibi yake chai ya asubuhi kabla ya kwenda shule, na alijivunia kazi hiyo kuliko masomo yote. Kila nikipanda kuwasalimia, jicho langu lilikwenda kwanza kwenye kona ya jiko zilikopangwa zile chupa.

Mimi wakati huo nilikuwa mkaguzi wa ndani katika ofisi moja ya serikali mjini Moshi, nimepanga nyumba mtaa wa Pasua. Kwa hiyo siku tulipoambiwa kuwa imekuja kampeni ya serikali kuhusu dawa za mashambani, na kwamba mimi ndiye nitakayeikagua, nilifurahi kwa moyo mweupe kabisa. Nilijisemea, sasa hata mama ataambiwa na wenye mamlaka.

Kampeni ilizinduliwa mwezi wa kumi na mbili. Mtu wa mlimani akisikia hivyo anajua kuna namna, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili hakuna anayepulizia kahawa. Huo ni mwezi wa Wachagga kurudi nyumbani. Wakubwa wote wa Dar es Salaam wanapanda na magari yao kula Krismasi, na njiani wanatazama dirishani. Wakala wa matangazo aliyeshinda zabuni, kampuni changa ya vijana wa mjini Dar, alilijua hilo vizuri mno. Mabango matatu yakasimamishwa, yote kwenye lami: moja njia ya uwanja wa ndege, moja barabara ya Arusha, moja karibu na mzunguko wa magari pale mjini.

Nilikwenda kuyakagua na mratibu wa kampeni. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye shati la mikono mirefu na aisee nyingi mdomoni. Tulipofika bango la kwanza alishuka garini na kulitazama kwa mapenzi, mikono kiunoni. Picha ilikuwa ya familia inacheka: baba kavaa tai, mama kasuka nywele mtindo wa mjini, watoto wawili meno meupe, na nyuma yao mlima. Juu zilijaa nembo za kila aliyechangia. Maneno yenyewe yalikuwa chini kabisa, madogo, nyasi zimeshaanza kuyafunika.

"Aisee dada mkaguzi, hii ni kazi ya kimataifa," alisema.

"Mkulima yuko wapi hapo?"

"Si huyo baba?"

"Huyo mwenye tai?"

Akacheka. "Mkulima wa kisasa, dada."

Nilipima urefu na upana wa bango kwa futi kamba, nikaandika kuwa limekidhi mkataba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Serikali ilinituma nithibitishe kwamba fedha imegeuka kuwa kitu, na kitu kilikuwepo, kimesimama, nguzo zake zimemwagiwa zege. Kama kitu hicho kimeingia kichwani mwa mtu yeyote, hapakuwa na mahali pa kuandika. Nilizungusha karatasi yangu ya ukaguzi mbele na nyuma, nikakuta kuna nafasi ya rangi, nafasi ya unene wa mabati, nafasi ya sahihi yangu. Msomaji hakuwa na nafasi.

Kulikuwa na matangazo ya redio pia, kwenye kituo kipya cha binafsi. Mjini yalisikika hadi vibarazani. Ukipanda Kibosho, sauti ilikwama kwenye makorongo na kubaki kukoroma.

Jumamosi iliyofuata nilipanda nyumbani. Nilimkuta mama anamenya ndizi za mtori, mtoto anachochea moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Mama, zile chupa za dawa nilikuomba uzitoe jikoni."

"Nizipeleke wapi? Nje wataiba. Hujui dawa sasa hivi ni mali?"

"Basi nunua kopo, ulifunge. Hiyo ni sumu mama, na mtoto anashika kila kitu humu."

Alinitazama kwa huruma, jinsi mzazi anavyomtazama mtoto aliyesoma sana. "Wewe kazi yako ni hesabu. Jambo hilo lingekuwa kubwa hivyo, si lingetangazwa kanisani?"

Niseme ukweli, mama hakuwa mbishi wa bure. Kwetu mambo ndivyo yalivyo. Misa ikiisha, kabla ya baraka, katekista anasoma matangazo. Hapo ndipo watu wanasikia nani anaoa, ng'ombe wa nani amepotea, lini ni chanjo ya watoto, lini ni zamu ya kuzibua mfereji. Watu wanakaa kimya kuliko wakati wa mahubiri, maana mahubiri wanayajua. Likitangazwa pale, Jumatatu kijiji kizima kinalifanya. Lisipotangazwa pale, hata aliseme mkuu gani kwenye bango gani, ni maneno ya barabarani.

Basi nikaona dawa ya tatizo langu iko wazi. Kesho yake baada ya misa nilimwendea padre sakristia. Alikuwa mzee wa watu, mpole, lakini alishaumwa na nyoka. Mwanzoni mwa vyama vingi, kila mwenye chama alikuwa analeta kikaratasi chake kisomwe, mpaka waumini wakataka kukunjana mashati mlangoni mwa kanisa. Tangu hapo halmashauri ya walei ilikata shauri: jambo lolote la serikali lisomwe tu likija na barua yenye mhuri wa wahusika.

"Niletee barua ya hao wa kampeni, mwanangu," alisema. "Nitaisoma mwenyewe. Na parokia za jirani nitazipa nakala."

Nilishuka mjini ninaimba. Parokia zote za upande ule, Jumapili moja, bure! Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa mratibu.

Alinisikiliza vizuri, akakuna kichwa. "Wazo zuri sana dada. Lakini hilo tangazo litagharimu shilingi ngapi?"

"Halina gharama. Ni barua moja tu."

"Sasa hapo ndipo penye tatizo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza kwa upole, tena kwa kalamu na karatasi, kwamba ujumbe wote wa kampeni kwa mujibu wa mkataba lazima upitie kwa wakala. Wakala hulipwa kwa tangazo lililothibitishwa. Tangazo huthibitishwa kwa risiti. Kanisa haliwezi kutoa risiti ya kitu ambacho halikuuza. Kwa hiyo tangazo la kanisani, hata likisikiwa na watu elfu, kwenye taarifa ya kampeni litakuwa halijatokea.

"Basi lisiingie kwenye taarifa. Andika tu barua."

"Nikiandika, wewe mwenyewe utakuja kuniuliza kwa nini nimetoa ujumbe nje ya mkataba. Si ndiyo kazi yako?"

Kibaya zaidi alikuwa sahihi. Ningeiona barua hiyo kwenye jalada, kanuni zingenitaka niihoji. Wala nisingeweza kuiandika mimi, kwa kuwa mkaguzi hatakiwi kutenda jambo analolikagua. Nilitoka ofisini mwake nikiwa na hasira ya kupiga teke mlango, na nikaupiga kweli. Karani wa masjala akanipa pole akidhani nimejikwaa.

Kitu pekee nilichokuwa na ruhusa ya kufanya ni kuandika hoja ya ukaguzi. Nikaiandika kwa moyo wote. Nilisema mabango yako mbali na wakulima waliokusudiwa, redio haifiki, na kwamba, kwa mfano, katika kijiji fulani cha Kibosho hakuna hata kaya moja iliyopata ujumbe. Nilikitaja kijiji chetu kwa sababu ndicho nilichokijua kwa macho yangu. Nikapendekeza viongozi wa dini, masoko na vilabu vya pombe ya mbege vitumike. Nikapeleka kwa mkubwa wangu, naye akaipeleka kunakohusika, nami nikasubiri mpaka mvua za masika zikaanza na watu wakatoa mabomba yao ya kupulizia.

Majibu yalikuja yakiwa na viambatisho. Mratibu aliandika kwamba ofisi imepokea hoja, imeifanyia kazi, na kijiji kilichotajwa kimefikiwa kikamilifu. Picha zilikuwa zimebandikwa kwa gundi kwenye karatasi nyeupe. Ya kwanza ilionyesha gari dogo la mizigo la wakala limenasa kwenye tope la barabara yetu. Ya pili, watu wamejipanga mbele ya duka. Ya tatu ilikuwa ya mama yangu.

Amesimama mbele ya migomba, anacheka na pengo lake, amevaa fulana nyeupe mpya juu ya gauni. Kifuani zimo nembo zilezile za kwenye bango. Chini ya picha waliandika: mkulima akiwa amepokea ujumbe. Mkononi ameshika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.

Nilimpelekea mkubwa wangu picha ile. Nikamwambia, mzee, huyu ni mama yangu, na hiyo aliyoshika ndiyo sumu yenyewe. Akavaa miwani, akaitazama.

"Mama mzuri," akasema. "Anaonekana amefurahi."

"Mzee, hakuambiwa kitu!"

"Hoja yako ilisema kijiji hakijafikiwa. Wamekwenda, wameleta ushahidi. Unataka niwajibu nini?" Akagonga mhuri kuwa hoja imejibiwa. Naye hakuwa mwizi, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu mwema aliyebakiza muda mfupi astaafu, na kwenye kanuni zake hapakuwa na kosa. Hilo ndilo lililoniuma. Mwizi ningemshitaki.

Nilipanda nyumbani jioni ileile. Mama alinisimulia kwa furaha jinsi vijana walivyokuja, wakagawa fulana, wakapiga picha, wakaomba maji ya kunywa, gari lao likasukumwa kutoka kwenye tope na vijana wa kijiji, wakaondoka.

"Walisema nini kuhusu dawa?"

"Walisema wana haraka, mvua inakuja."

"Na hiyo fulana imeandikwaje?"

"Mbele ni haya mapicha. Nyuma sijui. Unaonaje mgongo wako mwenyewe?"

Maandishi yalikuwa mgongoni. Mama yangu alisoma kitabu cha sala bila kukosea herufi, lakini walimwandikia mahali ambapo angehitaji shingo ya bundi. Usiku huo nilichukua chupa za dawa, nikazifukia nyuma ya choo. Tuligombana sana. Nilipoondoka akanunua nyingine, kwa sababu kahawa ilikuwa inaliwa na wadudu na mimi sikuwa nimemletea mkwe wala shamba jingine, ndivyo alivyonijibu.

Mwezi wa saba mlimani ni baridi na ukungu, na watu hukohoa. Mama na mtoto wote walipata mafua makali, hawasikii harufu ya kitu chochote. Asubuhi moja mtoto akamchemshia chai kama kawaida, akachukua chupa, akamimina kile cheupe, akatia sukari. Bibi yake alikunywa karibu nusu kikombe kabla hajasema chai ina uchungu.

Niliyajua haya baadaye. Mimi niliitwa kwenye simu ya ofisini na jirani aliyekuwa amewaleta hospitalini. Walimteremsha kwa gari la kubebea ndizi, katika barabara ileile mbovu, mtoto ameng'ang'ania miguu ya bibi yake, hataki kushushwa. Nilipofika hospitali ya Mawenzi pale mjini, mama alikuwa anatokwa jasho na mate, macho yake yamekuwa na mboni ndogo kama kichwa cha pini. Madaktari walihangaika naye, Mungu awabariki. Siku kadhaa hatukujua ataelekea wapi. Nilikaa kwenye benchi la wodi nikawalaani watu wote kwa zamu, na bango, na mhuri, na hata mlima.

Akapona. Polepole, lakini akapona. Aliyenitia hofu sasa ni mtoto. Tangu siku ile alikuwa hajasema neno. Hakulia, hakuuliza. Alikaa kwenye kiti kidogo kando ya kitanda cha bibi, na ukimpa kikombe anaificha mikono nyuma. Nilimwambia mara nyingi kwamba si kosa lake.

Ndipo mratibu alipokuja. Alibeba maboksi ya juisi, na nyuma yake kulikuwa na dada mmoja wa wakala na mpiga picha aliyevaa fulana ya kampeni. Alinipa pole ya dhati, nakiri, machozi yalimlengalenga. Kisha akanivuta pembeni. Awamu ya pili ilikuwa inaandaliwa, akasema, na wafadhili walitaka ushuhuda wa mtu halisi. Picha moja tu ya mama kitandani. Safari hii bango lingefika mpaka mlimani.

Nilimwambia atoke. Nilimwambia kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, hata muuguzi akaja mlangoni. Lakini mama aliniita kwa mkono.

"Waache. Wamekuja kwa wagonjwa." Akamtazama mratibu. "Wewe si ndiye uliyetuma wale wa fulana?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Siku ile mlinipiga picha nikiwa mzima, leo mnataka kunipiga nikiwa hivi. Si neno. Ila kabla hujapiga, hebu nielimishe. Hiyo dawa niitunzeje?"

Mratibu akamgeukia dada wa wakala. Dada akatazama kucha zake, halafu, kama aliyepata bahati, akamshika mpiga picha bega na kumgeuza ukutani. Wote wawili wakainama kusoma mgongo wake.

"'Tunza dawa vizuri, okoa maisha,'" mratibu alisoma.

"Eeh," mama alisema, anasubiri. "Vizuri ndiyo vipi?"

Hapakuwa na mstari mwingine. Mratibu aliangalia tena mgongo ule, kama maneno yangeweza kuongezeka. Mimi ndiye niliyepima mabango kwa futi kamba, na nilikuwa najua jibu, nikasogea kulitoa.

Aliyejibu ni mtoto, kutoka pale chini kwenye kiti chake, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa kimya.

"Usiiweke kwenye chupa ya maziwa, bibi. Mimi sikujua."

Mama akanyoosha mkono wake wenye sindano kumtafuta kichwa. Mpiga picha naye akageuka haraka, akainua kamera.

Nikaiziba lenzi kwa kiganja changu, na sikukiondoa mpaka walipotoka.